Filamu ya theluji na baridi ya Songea

Filamu za watu waliokwama kwenye theluji zinatuhusu nini sisi wa Songea? Tuchukue The Mountain Between Us ya mwaka 2017. Daktari wa upasuaji (Idris Elba) na mwandishi wa habari (Kate Winslet) hawajuani. Ndege yao imefutwa, wanakodi ndege ndogo. Rubani anapata kiharusi angani, na ndege inaanguka kwenye milima yenye theluji huko Marekani.

Adui yao mkubwa ni baridi. Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, maisha yako hatarini. Mtu hutetemeka, kisha ulimi huwa mzito na akili huchanganyikiwa. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hiyo si nafuu; hali imezidi kuwa mbaya.

Hayo hayahitaji theluji. Nguo zilizolowa na upepo vinatosha, hasa kwa wazee na watoto wachanga. Juni na Julai, baridi inapouma Songea na Mbinga, mtu akizidiwa mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike blanketi hadi kichwani, uso ubaki wazi. Kama ana fahamu, mpe uji au chai ya moto. Usimpe pombe, kwani hupoteza joto la mwili. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Ota moto, kisha litoe nje kabla ya kulala.