Forester Pass: Tazama Anga la Usiku Kabla ya Kalenda

Anayepanga kuvuka Forester Pass huanza kwa kuuliza tarehe: aende Mei mwishoni, au asubiri katikati ya Juni? Swali ni la haki, lakini katika milima ya Sierra Nevada, California, kalenda imewaponza wengi. Tarehe 1 Aprili 2015, wakati ambao kwa kawaida theluji huwa imefikia kilele, California yote ilikuwa na asilimia 5 tu ya wastani wake. Siku kama hiyo mwaka 2023 theluji ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani, na upande wa kusini, uliko upenyo huu, karibu mara tatu. Ratiba iliyomfaa mpandaji wa mwaka mmoja yaweza kumwangamiza wa mwaka mwingine.

Upenyo wenyewe uko mita 4,009 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya Pacific Crest Trail, njia ya miguu inayotoka mpaka wa Mexico hadi Kanada. Anayetokea kusini hupanda ukuta wa mwamba kwa njia ya kona kona, na karibu na juu hukatiza korongo jembamba lenye mteremko mkali, ambalo majira ya machipuko hulikuta limejaa theluji. Ni hatua chache tu, ila anayeteleza pale hana cha kushika.

Theluji ya msimu huu si ile laini iliyodondoka Januari. Imeyeyuka na kuganda mara nyingi hadi chembe zake zimekuwa punje nene mfano wa chumvi ya mawe. Usiku punje hizo hugandamana, na alfajiri unatembea juu yake kama sakafuni. Jua likipanda zinaachana, mguu unazama hadi gotini, pengine hadi kiunoni. Kando ya mawe makubwa ni pabaya zaidi: jiwe hunyonya joto la jua na kuila theluji kwa chini, likabaki ganda jembamba juu ya shimo.

Kinachoigandisha si baridi ya hewa peke yake. Usiku kucha theluji hupoteza joto lake kuelekea angani. Nyota zikionekana, joto hilo linakwenda zake, na uso wa theluji waweza kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi sifuri. Wingu likitanda, hulirudisha joto chini kama blanketi, na kukicha unakuta uji. Kwangu mimi, usiku wa mawingu mazito ni sababu tosha ya kushinda hemani, hata kama chakula kimepimwa kwa siku. Wengi hawakubali kupoteza siku hiyo. Naomba waikubali.

Usiku ukiwa mweupe, toka saa kumi alfajiri kwa tochi ya kichwani, ili korongo ulivuke asubuhi mapema. Theluji ya saa hizo ni ngumu kama kioo, hivyo funga meno ya chuma kwenye viatu, na shoka la barafu liwe mkononi. Likiwa limefungwa mgongoni halimzuii mtu kuporomoka. Jizoeze kulitumia kwanza kwenye mteremko mfupi unaoishia tambarare. Waongoza wageni wa Kilimanjaro wanaijua siri hii kwa changarawe: hutoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku, maana changarawe iliyoganda inakanyagika, na ya mchana inakurudisha nyuma.

Miwani ya jua usiisahau. Mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Lakini ninachokiogopa kuliko upenyo ni mito. Kabla ya kuufikia kutoka kusini kuna Tyndall Creek. Theluji iliyoyeyuka mchana hujaza mto alasiri na jioni, kisha maji hupungua usiku. Daraja la theluji juu yake usiliamini, kwani maji hulitafuna kwa chini pasipoonekana. Ukiukuta mto jioni umefura, hata kama nguvu bado unazo, piga hema ukingo wa huku. Alfajiri, kabla ya kuingia majini, legeza mikanda ya mkoba kifuani na kiunoni, ili ukianguka uweze kuuvua upesi.