Vijana wa kanisa wakija kujitolea: Ni kazi gani hubaki baada ya basi kuondoka?

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinapofika, vikundi vya vijana wa makanisa hutoka mijini na kwenda vijijini katika kaunti za Kisii na Nyamira kwa huduma ya kujitolea. Hukandika nyumba za wajane, hupanda miti, husafisha vituo vya afya, hugawa chakula na kuchimba mitaro. Wengine hutoka Nairobi na Nakuru kuja kuhudumu walikozaliwa wazazi wao.

Kazi hii husaidia wengi. Hata hivyo, mkazi yeyote anaweza kuonyesha mradi wa kujitolea uliodumu miaka mingi, na mwingine uliokufa kabla ya mvua iliyofuata. Makala haya yanaeleza kinachotenganisha miradi hiyo miwili, na mambo ambayo kikundi pamoja na kijiji kinachokipokea wanafaa kukubaliana mapema.

Desturi isiyo ngeni

Huduma ya makanisa ina mizizi mirefu hapa. Misheni za Nyabururu na Nyanchwa, zilizoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, zilileta shule na matibabu pamoja na mahubiri. Leo Kanisa la Waadventista Wasabato lina siku yake ya vijana duniani, inayoadhimishwa kila Machi tangu 2013, ambapo vijana huenda kuwahudumia watu mitaani na vijijini. Kanisa Katoliki nalo huadhimisha Siku ya Maskini Duniani kila Novemba tangu 2017.

Kabla ya makanisa, Abagusii walikuwa na njia zao za kusaidiana. Katika risaga, mwenye kazi aliwaita majirani wamlimie au wamjengee kwa siku moja, naye akawaandalia chakula na kinywaji. Katika egesangio, watu wachache walifanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Desturi hizo zina somo kwa vijana wa leo. Aliyefanyiwa kazi ndiye aliyeita. Alijua anachotaka kifanywe, alikuwepo kazi ikifanywa, na alitoa chochote alichokuwa nacho. Safari nyingi za huduma huenda kinyume: kikundi huamua kazi kikiwa mjini, na mwenyeji huarifiwa siku chache kabla ya basi kufika.

Chemchemi: mfano wa kazi inayohitaji makubaliano

Familia nyingi katika milima ya Gusii bado huteka maji kwenye chemchemi, kwa hiyo kukinga chemchemi ni kazi ambayo vikundi vingi huipenda. Vijana wana nguvu za kubeba mawe na mchanga kuteremka bondeni mahali ambapo gari haliwezi kufika. Lakini nguvu pekee hazitoshi.

Fundi huanza kwa kufukua hadi penye jicho la maji. Hujaza mawe na kokoto safi nyuma ya ukuta, hufunika juu kwa udongo mzito wa mfinyanzi, kisha huweka bomba la kutokea maji. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kugeuza maji ya mvua yasiingie, na eneo lote huzungushiwa ua ili ng'ombe wasikanyage. Ukuta ukizuia maji kupita kiasi, chemchemi yaweza kutafuta njia nyingine na bomba likabaki kavu. Choo kinapaswa kuwa mbali, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu. Hata baada ya hapo, maji yanafaa kupimwa na maafisa wa afya ya umma, na mtungi mchafu unaweza kuyachafua yakiwa njiani kuelekea nyumbani.

Majira nayo yana uzito wake. Kukinga chemchemi hufaa zaidi wakati wa ukavu, hasa Januari na Februari, kwa sababu hapo ndipo hujulikana kama maji hayakauki. Likizo ya Aprili, mvua ndefu zikinyesha, hufaa zaidi kupanda miti.

Jambo gumu zaidi ni ardhi. Chemchemi nyingi ziko ndani ya shamba la mtu, na mashamba ya Gusii yamegawanywa kati ya wana kizazi baada ya kizazi. Baba akiruhusu kwa mdomo, mwana anayerithi sehemu hiyo anaweza kufunga njia, na akina mama wakarudi kuteka mtoni. Makubaliano yaandikwe, yataje njia ya kupita, na yatiwe sahihi na mwenye shamba na warithi wake mbele ya wazee na naibu wa chifu. Kijiji kichague pia kamati ya kuzibua mfereji na kurekebisha ua. Bila hayo, saruji inaweza kubaki nzima huku watu wakikosa maji.

Mti wenye faida na mti wenye hasara

Wakazi wengi hupenda mkaratusi kwa sababu hukua haraka na huuzwa kwa nguzo, mbao na kuni. Karibu na maji, mti huohuo ni hasara, kwa kuwa hunyonya maji mengi. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye ardhi oevu na kandokando ya mito. Kanuni za maji nchini pia hulinda ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto.

Kikundi kinacholeta miche kiulize kwanza itapandwa wapi. Kandokando ya mto Gucha na vijito vyake hufaa miti ya kiasili na mianzi. Tena, mche uliopandwa na mgeni hauna mwenyewe hadi mtu wa hapo akubali kuumwagilia maji na kuukinga na mbuzi. Miche 50 yenye wenyewe ina manufaa kuliko 500 isiyo na mlinzi.

Heshima ya anayesaidiwa

Mjane anayekandikiwa nyumba au mzee anayepewa unga hapotezi haki ya kuheshimiwa. Orodha ya wahitaji itayarishwe pamoja na mzee wa mtaa na wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaofika kila boma na kuijua hali yake. Majina yasisomwe hadharani. Inapowezekana, msaada upelekwe nyumbani kimyakimya.

Picha nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hulinda taarifa za mtu, picha zikiwemo, na kwa mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Kijana apige picha ya kazi, na asiweke mtandaoni uso wa mtu bila ruhusa. Mtu ana haki ya kukataa kupigwa picha na bado akapewa msaada.

Wazee wanahitaji pia msaada usiogharimu pesa. Vijana wenye simu wanaweza kuwasaidia kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, huku mwenye kitambulisho akiwa hapo mwenyewe na nambari yake ya siri ikibaki siri.

Kambi za matibabu

Kupima shinikizo la damu na sukari ni huduma inayopendwa sana. Lakini anayetibu au kutoa dawa lazima awe na leseni, na ofisi ya afya ya kaunti ndogo iarifiwe mapema. Mzee akiambiwa shinikizo lake liko juu kisha kikundi kikaondoka, amebaki na hofu bila tiba. Kila anayepatikana na tatizo apewe barua ya kumwelekeza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na mhamasishaji wa eneo lake ajulishwe amfuatilie. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia, hivyo ufuatiliaji unaweza kufanyika nyumbani.

Kabla ya safari

Viongozi wa vijana wanashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Kuzuru kijiji angalau mwezi mmoja kabla na kuwauliza wakazi, wanawake na vijana wakiwemo, ni kazi gani wanaitaka.
2. Kumjulisha chifu au naibu wake na msimamizi wa wadi, ili kazi isigongane na mradi mwingine.
3. Kumtafuta fundi wa hapo na kumlipa. Atakuwepo bomba litakapoziba.
4. Kulinganisha nauli na gharama ya vifaa. Nauli ikizidi, watu wachache waende na fedha zilizobaki zinunue saruji.
5. Kupata idhini ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18, na kupanga malazi tofauti ya wasichana na wavulana chini ya watu wazima wanaoaminika.
6. Kukubaliana na wenyeji watatoa nini: mawe, mchanga, chakula au nguvu kazi.
7. Kupanga siku ya kurudi, miezi mitatu au sita baadaye, kukagua kazi.

Hatua ya saba ndiyo hupuuzwa zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikundi kinaporudi ndipo hujulikana kama mwenyeji alipona kweli: kama bomba bado linatoa maji, kama miche imeshika, kama yule mzee alifika zahanati. Kikikuta kasoro, kina nafasi ya kuirekebisha pamoja na wenyeji kabla ya kuanza mradi mwingine kwingine.

Wakazi wanaotarajia kupokea kikundi, na makanisa yanayopanga safari, wanaweza kuanzia katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ambako wataelekezwa kwa maafisa wa maji, afya ya umma au mazingira kulingana na kazi iliyokusudiwa.