UGANDA: KLACHI NI MPYA, LAKINI PIKIPIKI HAIPANDI MLIMA

Ugomvi baina ya mwendesha boda boda na fundi wake aghalabu huanza siku ya pili au ya tatu baada ya matengenezo. Klachi imefungwa mpya, fedha zimelipwa, na mwenye kuendesha ameondoka ameridhika. Kisha anapakia abiria na mkungu wa matoke, anaanza kupanda kilima cha Namirembe au Mulago, injini inalia kwa nguvu zote na pikipiki inatambaa. Anarudi kwa fundi akiwa na hasira. Fundi anajibu kuwa dereva ameiunguza klachi kwa kuendesha vibaya. Dereva anasema ameuziwa pleti mbovu. Hapo hakuna anayepima kitu chochote, na anayelipa ni yule asiye na pa kukimbilia.

Kazi hii, iliyoanza kwa baiskeli katika mipaka ya Busia na Malaba na kupata huko jina lake la boda boda, leo inawalisha watu wengi sana nchini Uganda. Wengi wao wanaendesha pikipiki ambazo bado si zao. Wanamlipa tajiri, au kampuni iliyowakopesha, kila siku au kila wiki, na deni halisimami kwa sababu pikipiki imelala gereji. Kwa hiyo klachi inayofunguliwa mara mbili katika wiki moja ni mkate wa watoto unaopotea mara mbili. Kwa ajili hiyo tumeona ni haki kulieleza jambo hili kwa urefu, ili dereva na fundi, ambao wote wawili ni wafanyakazi, wawe na njia moja ya kuitafuta sababu.

Kwanza ieleweke klachi inafanya kazi gani. Katika pikipiki za cc 100 hadi 150 zilizojaa katika barabara za Uganda, kama vile Bajaj Boxer na TVS, klachi ni fungu la pleti zilizopangwa moja baada ya nyingine: yenye vipande vya kusugua, kisha ya chuma tupu, kisha yenye vipande tena. Zote zinaogelea ndani ya oili ya injini. Springi zinalibana fungu hilo, nalo likibanwa sawasawa nguvu ya injini huenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, waya unaziondolea pleti mbano wa springi. Basi klachi inayoteleza ina moja kati ya mashaka mawili: ama mbano hautoshi, ama pleti zimebanwa lakini hazishikani. Fundi akilishika neno hilo kichwani hatapoteza muda mwingi.

Lakini kabla ya yote, hakikisha ni klachi kweli. Injini iliyochoka au yenye chujio la hewa lililoziba haipandi mlima, lakini sauti yake nayo haipandi. Cheni iliyolegea juu ya meno yaliyoliwa huruka kwa kishindo na mtikisiko. Klachi inayoteleza ina dalili yake: katika gia ya juu, ukifungulia mafuta ghafla, mlio wa injini unaruka juu na mwendo unabaki ule ule. Jaribu injini ikiwa moto, katika barabara iliyo wazi, kwani klachi nyingi hushika vizuri asubuhi na kuanza kuteleza mchana oili ikishapata joto. Usirudie jaribio hilo mara kumi. Kila mara ileteleza, pleti zinaungua.

Sasa tuanze mkononi, mahali ambapo ukaguzi hauli hata senti moja. Mkono wa klachi lazima uwe na mlegezo, yaani uende kidogo bila kuvuta chochote. Kwa pikipiki nyingi ndogo mlegezo huo ni kama milimita 10 hadi 20 ukipimwa kwenye ncha ya mkono, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Madereva wengi hawaupendi. Wanataka mkono uliokaza, wanauita mkali, na fundi anayetaka kumpendeza mteja hukaza nati ya waya mpaka mlegezo wote unakwisha. Waya uliokaza namna hiyo ni sawa na dereva anayeendesha kutwa nzima akiwa ameivuta klachi robo. Springi haziwezi kubana. Legeza waya huo juu na chini kupita kiasi, kisha ujaribu tena barabarani. Utelezi ukikoma, umeupata ugonjwa, na hapana haja ya kufungua hata skrubu moja.

Katika mazungumzo yetu na wenzetu wa Kampala tulielezwa habari ya ndugu mmoja aliyefungiwa pleti mpya mara mbili ndani ya siku tisa, na mara zote mbili akaambiwa anaendesha vibaya. Fundi wa tatu hakufungua injini. Aliutazama ule mkono mdogo unaochomoza juu ya kifuniko cha injini, ambao waya huuvuta, akaona umekaa upande usio wake. Kifuniko kilipotolewa mara ya kwanza mkono huo ulichomolewa, na uliporudishwa ukaingia katika jino la pili badala ya lile lake. Hata waya ulipolegezwa kiasi cha kawaida, pleti zilibaki zimeachiwa kidogo. Alama moja ya patasi kabla ya kuchomoa ingaliokoa pleti hizo zote.

Ikiwa mlegezo upo na utelezi ungalipo, ulizia oili. Tunasisitiza neno hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Fundi akifungua klachi humwaga oili, na baadaye hutia ile aliyo nayo, mara nyingi ya motokaa. Baadhi ya oili za motokaa, hasa zile nyepesi zilizotengenezwa ili kupunguza matumizi ya petroli, zina dawa za kupunguza msuguano. Ndani ya motokaa jambo hilo ni jema, kwa kuwa klachi yake inakaa pakavu mbali na oili. Katika pikipiki ni kuziponza pleti. Wajapani waliweka kipimo chao cha oili za pikipiki mwaka 1998, kiitwacho JASO T 903. Chupa yenye herufi MA au MA2 inafaa kwa klachi inayoogelea katika oili. Yenye MB haifai kwa klachi ya namna hiyo. Dereva asione haya kuomba aonyeshwe chupa. Oili mbaya ikigunduliwa mapema, kuimwaga na kutia iliyo sahihi huweza kuponya. Ikichelewa, pleti huwa zimekwisha kung'aa kama kioo na hazina faida tena.

Ni hapo tu ndipo kifuniko kifunguliwe. Unene wa pleti upimwe kwa venia, si kwa jicho, maana kati ya pleti nzima ya karibu milimita 3 na ile iliyokwisha hapana tofauti hata ya nusu milimita. Pleti za chuma zilazwe juu ya kioo: iliyopinda itajionyesha, na yenye rangi ya buluu imepata moto mkubwa. Hizi ndizo zinazorudishwa ovyo. Mteja hununua pleti za kusugua peke yake, zile za chuma zilizoungua zinarudi ndani, na springi zilizofupika zinarudi nazo. Springi zipimwe urefu na zibadilishwe zote pamoja. Pleti zihesabiwe, na mpangilio wake ufuate kitabu. Pleti mpya zilowekwe katika oili kabla ya kufungwa, kwani zikianza kazi kavu huungua siku hiyo hiyo. Meno ya pleti ya kukandamiza yaingie barabara katika meno ya habu. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo; mwenye pupa hupasua nguzo zake, na nguzo iliyopasuka huachia springi njiani.

Tuna neno pia na mafundi juu ya afya zao. Desturi ya kupiga msasa pleti zilizong'aa inarefusha maisha ya klachi kwa siku chache tu, nayo ni hatari, kwa kuwa vifaa vya msuguano vya zamani vilitengenezwa pia kwa asbesto, na pleti isiyojulikana ilikotoka haisemi imetengenezwa kwa nini. Vumbi lake lisipulizwe kwa pampu wala kwa mdomo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 juu ya asbesto mwaka 1986, lakini mkataba hauingii wenyewe chini ya mwembe ambako fundi anafanya kazi. Kuoshea vyuma kwa petroli karibu na jiko la mama lishe ni hatari ya namna nyingine, na tumeiona kwa macho yetu.

Mintarafu nani alipe, twaona karatasi moja ingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi. Iandikwe tarehe, kilomita, vifaa vilivyotiwa na jina la oili, na vifaa vya zamani akabidhiwe mwenye pikipiki. Pleti za zamani zikiwa nene bado, fundi ana swali la kujibu. Mpya zikiwa zimeungua huku mlegezo ni sahihi na oili ni ile iliyoandikwa, swali linamgeukia dereva, au duka lililouza. Pleti mpya hujilaza kadiri zinavyotumika, na mlegezo hupungua. Kwa hiyo karatasi hiyo itaje pia siku ya kurudi, baada ya kilomita mia chache, ili waya upimwe tena bila malipo. Kazi hiyo haichukui dakika tano.