Baba wa Doria: Mlinzi wa Mtaa na Kijana Aliye Hatarini

Sungusungu, mgambo na mlinzi wa usiku hulinda mali na roho za watu bila kuwa polisi. Kazi hiyo huwakutanisha na vibaka, na huwakutanisha pia na watoto: aliyetoroka nyumbani, anayenusa gundi gengeni, aliyetumwa na wakubwa kubeba furushi la bangi, msichana anayekimbia kuozwa. Mara nyingine mlinzi aliyemshika mtoto wa namna hiyo huishia kuwa mlezi wake. Humtafutia chakula, humkemea, humtetea mbele ya watu, na mtaa mzima hujua kwamba mtoto huyu ni wa mzee fulani. Malezi ya aina hiyo yamewaokoa wengi, lakini faida yake hutegemea kama mlinzi anakubali kuangaliwa na wenzake na kumkabidhi mtoto kwa wanaohusika.

Wazee wa moto

Katika miteremko ya Mlima Meru malezi ya namna hii ni ya zamani kuliko polisi. Waarusha walihamia huko kutoka upande wa Arusha Chini yapata miaka ya 1830. Ni wakulima wa migomba, mahindi na maharage, lakini lugha yao ni Kimaasai na maisha yao yamepangwa kwa marika kama ya Wamaasai. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa ndugu hadi uzeeni, na kila rika jipya hupewa walezi.

Walezi hao hawatoki katika rika lililo juu yake moja kwa moja. Hao ni wakubwa wa karibu mno, na mara nyingi ni washindani. Walezi hutoka rika la pili kwenda juu, lenye umri wa kutosha kuwa baba zao. Wazee wa rika hilo hupekecha kijiti juu ya ubao mpaka moto ushike, na moto huo ndio unaolifungua rika jipya. Uhusiano huo huitwa olpiron. Kuanzia siku hiyo wazee wana haki ya kuwafunza vijana adabu, kuwatoza faini ya mifugo na kuwabariki, na laana yao huogopwa kuliko fimbo. Wana wajibu pia: kijana akipatwa na shauri, wao ndio wa kusimama naye.

Wajibu huo ulikuwa na uzito mkubwa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alieleza jinsi ugomvi ulivyomalizwa kikaoni bila hakimu, kwa maneno na mapatano. Kila upande ulikuja na watu wake, na nguvu yake ilitokana na watu hao. Kijana aliyekuja peke yake alikuwa mnyonge hata kama ana haki.

Utawala wa Kijerumani, uliojenga boma la Arusha kuanzia mwaka 1899, uliwanyang'anya morani, yaani vijana wapiganaji, kazi ya vita. Lakini ulinzi wenyewe haukufa. Leo wanaume wengi wa Kimaasai na Kiarusha ni walinzi wa usiku katika majumba na maduka ya mijini, kuanzia Arusha hadi Dar es Salaam na Zanzibar.

Kutoka Usukumani hadi mjini

Sungusungu wenyewe walianzia mbali na Meru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa kutumia silaha ulikithiri Usukumani na Unyamwezini, na baadhi ya bunduki zilikuwa zimezagaa kutokana na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wanavijiji wa maeneo ya Kahama na Nzega wakajiundia jeshi la jadi lenye mtemi, katibu na makamanda. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Mwizi akionekana ulipigwa mwano, ukelele wa hatari uliopokelewa kijiji hadi kijiji mpaka njia zote zimezibwa. Mkosaji alitozwa faini, na mkaidi alitengwa: hasaidiwi kazini wala msibani.

Mwalimu Nyerere na chama tawala waliwaunga mkono, ingawa vyombo vya sheria viliwatilia shaka. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuyapa makundi hayo uwezo wa kisheria wa kukamata wahalifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliuhimiza ulinzi huo mijini. Mwaka 2006 Jeshi la Polisi chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema lilianzisha mpango wa polisi jamii, na kutoka hapo watu wakazoea jina la ulinzi shirikishi.

Mlinzi huyo huyo, hata hivyo, aliwahi kutumwa kumwinda kijana. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliagiza kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, na katika miji mgambo walipita wakikusanya waliohesabiwa kuwa wazururaji na kuwarudisha vijijini. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa mshukiwa kwa kusimama tu barabarani. Mpaka leo walinzi wamebeba mitazamo yote miwili: wapo wanaomwona kijana wa mtaani kuwa mhalifu anayesubiri siku yake, na wapo wanaomwona kuwa mtoto wa mtu.

Lemara usiku

Lemara ni miongoni mwa kata za Jiji la Arusha. Kama kata nyingine, imegawanyika katika mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Arusha huvuta vijana kutoka kila upande kwa sababu ya utalii, masoko, stendi za mabasi na madini ya tanzanite ya Mirerani. Huko Mirerani kulikuwa na wavulana walioitwa nyoka kwa kupenya katika mashimo membamba ambayo mtu mzima hapiti. Wengine huja wakiwa wamechoshwa na ulevi na vipigo vya nyumbani. Wapo wasichana walioletwa kufanya kazi za ndani wakafukuzwa bila nauli. Wakifika mjini, wanaowapokea mapema ni wauza mirungi na bangi, ambayo sehemu yake hulimwa milimani Arumeru, maeneo kama Kisimiri.

Doria ya mtaa kwa kawaida huanza usiku ukishakuwa mnene na kumalizika alfajiri. Ni wanaume wachache wenye makoti mazito, tochi, filimbi na rungu, wanaolipwa kidogo kutokana na michango ya kaya au wanaopokezana zamu bila malipo. Juni na Julai baridi ya Meru huwa kali, na mtoto aliyelala nje hutafuta kibaraza cha duka, hujifunika magunia au maboksi, na hulala karibu na mwenzake ili wapate joto. Tochi ikimmulika, jambo la kwanza analofanya ni kukinga kichwa kwa mikono miwili.

Linalofuata hutegemea swali la mlinzi. Anayeanza na "Umeiba nini?" hupata uongo au mtoto anayetimua mbio. Anayeitikia shikamoo yake kwa "Marahaba, mwanangu, umekula?" hupata jibu. Jina hutajwa kabla hakujakucha, na kijiji cha nyumbani hutajwa baada ya siku kadhaa. Katikati kuna chai na chapati kwa mama ntilie anayewasha moto alfajiri, kisha kazi ndogo kama kufagia banda au kuosha pikipiki kijiweni. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, lakini kwa mara ya kwanza kuna mtu mzima ambaye atauliza mtoto huyo yuko wapi asipoonekana.

Heshima ya mlinzi humkinga kijana kwa njia mbili. Kwanza, wakubwa wa magenge huogopa kumtumia mtoto anayejulikana kuwa wa mzee wa doria. Pili, humkinga dhidi ya umati. Kwa miaka mingi ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja mamia ya watu wanaouawa kwa mwaka na wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Kijana akiitiwa mwizi, dakika chache za mwanzo ndizo za kufa na kupona. Mlinzi mwenye filimbi, anayejulikana na kila mtu pale, ndiye anayeweza kusimama kati ya tairi la kumchomea na mtoto na kusema kwamba huyu anapelekwa kituoni.

Mtu mzima mmoja

Sayansi inaunga mkono yale ambayo wazee wa olpiron waliyafanya kwa desturi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini, ulevi na ugomvi wa wazazi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wanaojimudu na kujali wengine. Jambo moja lililowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuchoka, na si lazima awe mzazi. Aliweza kuwa bibi, mwalimu au jirani.

Baba anapogeuka

Nguvu hiyo hiyo inaweza kumwangamiza mtoto. Hatari iliyozoeleka ni fimbo. Mlinzi anayejiona baba hujiona pia ana haki ya kuchapa, na kipigo cha usiku cha wanaume watatu kwa mtoto wa miaka 12 hakina uhusiano wowote na malezi. Hatari nyingine ni kumgeuza mtoto kibarua au mpelelezi. Mtoto anayetumwa kuchunguza wezi akigundulika huadhibiwa na wezi wale wale, na mlinzi hayupo.

Historia ya jirani zetu inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mashariki mwa Kongo, makundi yaliyojitangaza kuwa walinzi wa jamii yaliwachukua watoto na kuwapa bunduki. Watoto wa namna hiyo, walioitwa kadogo, walikuwa wengi katika jeshi lililomwingiza Laurent Kabila madarakani mwaka 1997, na walimwita Mzee. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipigwa risasi ofisini kwake, na anayetajwa kumpiga ni mlinzi wake kijana aliyetoka miongoni mwa kadogo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, na ikamhukumu kifungo cha miaka 14.

Kwa wasichana tahadhari iwe kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuutenda. Mwanaume anayemficha msichana chumbani kwake kwa wema bado anafanya kosa, kwa sababu hakuna anayeweza kumtofautisha na asiye na wema. Msichana akipatikana usiku aitiwe mama anayeaminika mtaani, na asubuhi afikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuhukumu si kazi yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza mateso na adhabu za kikatili, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa pale anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Mtoto wa umri huo au zaidi akishtakiwa, shauri lake kwa kawaida ni la Mahakama ya Watoto, na hapaswi kuhukumiwa kifungo gerezani. Arusha ina mahabusu ya watoto kwa wanaosubiri mashauri, na Irambo, Mbeya, kuna shule ya maadilisho kwa waliotiwa hatiani.

Kwa mlinzi wa Lemara hatua ni chache. Mtoto aandikwe katika daftari la doria mbele ya mwenzake, kwa jina, saa na mahali alipokutwa. Asilale nyumbani kwa mlinzi bila mwenyekiti au mtendaji kujua. Kukicha apelekwe kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii, ambao wana mamlaka ya kutafuta familia yake au kumweka kwa walezi wanaotambuliwa. Panapohitajika msaada wa haraka ipigwe namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozi pesa. Mlinzi hapotezi ubaba wake kwa kumkabidhi mtoto. Anaweza kumtembelea, kusimama naye kwenye shauri na kumtafutia ufundi, kama wazee wa olpiron walivyosimama na vijana wao hadharani.

Wakazi nao wana sehemu yao. Mlinzi asiyelipwa, asiyefundishwa na asiyeulizwa chochote huachwa aamue peke yake usiku wa manane juu ya maisha ya mtoto. Michango ya ulinzi itolewe, orodha ya walinzi ijulikane, na katika kila mkutano wa mtaa, pamoja na hesabu ya wezi waliokamatwa, iulizwe pia hesabu ya watoto waliokutwa nje na mahali walipopelekwa.