Bunduki Nyepesi, Deni Zito

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipoanza safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama katika jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, alichukua silaha ambayo watu wa bara walikuwa bado hawajaizoea. Ilikuwa Maxim, rashasha iliyobuniwa na Hiram Maxim miaka michache tu kabla, iliyotumia mrudio wa risasi moja kutoa ganda, kuingiza risasi ya pili na kuifyatua, bila mtu kuzungusha mkono wowote. Stanley alimtoa Emin, lakini askari wake wengi waliachwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Bunduki ileile, sasa imechakaa, ndiyo Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) aliyopanda nayo kwenda Uganda mwaka 1890. Njiani alijenga boma Dagoretti, nchi ambayo Kawangware ya leo ni sehemu yake. Mwaka uliofuata alifika Kavalli na kuwachukua mamia ya wale askari wa Kisudani, pamoja na wake, watoto na watumishi wao kwa maelfu. Kutoka kwa watu hao na wenzao walioandikishwa baadaye ndiko walikotoka Wanubi wa Kibera. Bunduki na wabebaji wake waliingia katika historia yetu kwa mlango mmoja, na kwa maoni yangu haifai kuwasimulia mbalimbali. Kadiri rashasha ilivyopunguzwa uzito ndivyo ilivyozidi kumtegemea askari aliyeishika, na serikali iliyomtegemea hivyo ilimlipa kwa ardhi isiyo na hati.

Simulizi iliyozoeleka haisemi hivyo. Inasema mashine ndiyo iliyoshinda: Mzungu alikuwa na Maxim, Mwafrika hakuwa nayo, basi. Siwezi kukana kwamba silaha hiyo iliua watu wengi na kuwatisha wengi zaidi. Lakini itazame Dagoretti. Boma la Lugard lilitegemea chakula cha Wakikuyu, na watu wa Kampuni walipoanza kupora na kudhulumu, majirani waliwageuka. Mwaka 1891 boma likaachwa na kuteketezwa. Msafara wenye bunduki za kisasa haukuweza kukaa mahali ambapo hakuna anayeuuzia viazi. Maxim yenyewe ilikuwa mzigo: ilihitaji miguu mizito ya kuisimamishia, maji ya kupoza mtutu, masanduku ya mikanda ya risasi, na msururu wa wapagazi wa kuyabeba yote hayo kichwani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wapagazi wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kariokor ya Nairobi imechukua jina lake kwa kikosi chao.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta rashasha nyepesi. Lewis, iliyopewa jina la kanali Mmarekani Isaac Newton Lewis, ilipozwa kwa hewa badala ya maji, na risasi zake 47 zilipangwa katika sahani ya duara juu ya bunduki. Uzito wake ulikuwa kama kilo 13, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kukimbia nayo. Iliyodumu zaidi, hata hivyo, ni Bren. Asili yake ni ZB vz. 26 ya Czechoslovakia, kazi ya Václav Holek katika kiwanda cha mji wa Brno. Waingereza waliinunulia leseni, wakaibadilisha ipokee risasi yao ya .303, na mwaka 1937 kiwanda cha Enfield kikaanza kuitoa. Ndiyo bunduki ambayo askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walikwenda nayo Vita Vikuu vya Pili, kuanzia Uhabeshi hadi misitu ya Burma.

Inafaa kuitazama Bren kwa karibu. Risasi inapopita kwenye mtutu, sehemu ya gesi ya baruti huchepuka kupitia tundu dogo na kusukuma pistoni nyuma; pistoni huvuta komeo, ganda hutoka, na springi hurudisha kila kitu mbele pamoja na risasi mpya. Tundu la gesi lina vipimo vinne, ili bunduki ikianza kusuasua kwa uchafu, askari aongeze kipimo na kuendelea. Magazini imechomekwa juu, imepinda kama mundu kwa sababu risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake. Kwa kuwa magazini hiyo huziba macho, vilengeo vimesogezwa kushoto. Magazini ina nafasi ya risasi 30, lakini askari walifundishwa kupunguza mbili hivi ili springi isichoke. Kasi yake ni kama risasi 500 kwa dakika, na kwa kasi hiyo mtutu huwaka moto upesi. Hapo ndipo ufundi wa Holek unapoonekana: unainua lachi, unashika mpini wa kubebea, mtutu wa moto unatoka na wa baridi unaingia, kwa sekunde chache tu.

Lakini ni nani anayeushika huo mtutu wa baridi? Bren ina uzito wa kilo 10 hivi, na mtu mmoja anaweza kuibeba; hawezi kupigana nayo vizuri peke yake. Namba moja hulala nyuma ya kitako na kulenga. Namba mbili hulala ubavuni mwake, huchomoa magazini tupu na kutia iliyojaa, huhesabu risasi, hubeba mtutu wa akiba, na mwenzake akipigwa hushika nafasi yake. Wale wapagazi wengi wa Maxim wamekuwa watu wawili, na ujuzi wote uliokuwa wa kikosi kizima sasa umo vichwani na mikononi mwao. Wakitoroka, au wakikataa kufyatua, hakuna afisa atakayeendesha vita kwa chuma kitupu. Waingereza walikuwa wamelionja hilo mapema: mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi Uganda, wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliochelewa.

Utii, basi, ulikuwa na bei, na Nairobi bei hiyo ilikuwa ardhi. Kuanzia mwaka 1904 msitu wa Kibra, Kibera ya leo, ulitengwa kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Humo askari walifanya mazoezi, na Wanubi waliostaafu wakaruhusiwa kujenga na kulima pamoja na familia zao. Waliruhusiwa tu, hawakupewa. Mwaka 1919 serikali hiyohiyo ilianzisha mpango wa kuwagawia askari wa Kizungu mashamba ya kuyamiliki katika nyanda za juu. Aliyepigana Tanganyika akiwa Mzungu aliweza kurithisha watoto wake shamba. Mnubi aliyekuwa katika vita hivyohivyo alibaki Kibra kwa hisani. Eneo lilipohamishiwa utawala wa kiraia mwaka 1928, hisani hiyo haikugeuzwa haki, na miaka ya 1930 Wanubi walihesabiwa kuwa wapangaji wa Taji la Uingereza, watu wa kuondolewa likitaka.

Kwamba ujuzi ulikuwa ndani ya mtu, Waingereza walikumbushwa tena kwa uchungu. Waruhiu Itote alitumikia KAR nchini Burma, akapanda hadi kuwa koplo, akarudi Kenya pasipo ardhi wala heshima aliyoitarajia. Miaka michache baadaye alikuwa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, akiwafundisha wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa na bunduki chache, nyingine za kujitengenezea. Bren zilikuwa upande wa serikali, pamoja na ndege za kivita. Bado serikali ilihitaji hali ya hatari iliyodumu kuanzia 1952 hadi 1960, na mnamo Aprili 1954 ilibidi iufunge mji mzima wa Nairobi na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu. Rashasha ingekuwa inatosha, kusingekuwa na haja ya kambi za kizuizini.

Najua pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, na ni pingamizi la haki. KAR ndiyo iliyotumwa kuwapiga Wanandi mwaka 1905, vita ambavyo ndani yake Koitalel arap Samoei aliuawa na afisa wa kikosi hicho. Ndiyo iliyowapiga Wagiriama mwaka 1914. Kwa nini basi tuwalilie waliomshikia mkoloni bunduki? Jibu langu haliwasafishi. Nikisema bunduki si kitu bila mtu, siwezi kumwondolea mtu huyo lawama ya alichokifanya nayo. Lakini lawama hupanda ngazi: aliyetoa amri, aliyelipa mshahara na aliyenufaika wanabeba zaidi. Mashamba ya nyanda za juu yaliyopatikana kwa vita hivyo hayakwenda kwa Wanubi. Tena, wajukuu waliozaliwa Makina na Lindi, vijiji vya Kibera, hawakuwahi kushika Bren, na ndio walionyimwa vitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, hasa haki ya uraia.

Wapo pia wasemao kwamba Kibera ya leo si ya Wanubi peke yao, na ni kweli. Waluhya, Waluo, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu wamezaliwa humo na kuzikwa wakitokea humo. Wengi wao, kama majirani zao wa Kawangware, wanaijua bunduki kutoka upande wa mdomo wake. Tume ya Jaji Waki ilikuta kwamba kati ya watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia za uchaguzi wa 2007, 405 walikufa kwa risasi, idadi kubwa kuliko chanzo kingine chochote. Bunduki za polisi wetu, G3 na AK-47, si Bren, lakini kazi ya gesi, komeo na springi katika AK ni ya ukoo huo, na risasi ya kivita haisimami kwenye ukuta wa mabati. Hupita chumba kimoja ikaingia cha pili. Mtu aliyelala kitandani hana kinga. Kwa hiyo ile kanuni kwamba bunduki si kitu bila mtu ingali inatuhusu: aliyefyatua yupo, aliyemtuma yupo, na wote wana majina.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya jamii ya ekari 288. Ni hatua ambayo wazee walioiomba tangu enzi za ukoloni walistahili kuiona, na wengi hawakuiona. Ukiilinganisha na ekari 4,197 za mwaka 1918, ni chini ya sehemu 7 kwa kila 100. Palipobaki pamejengwa Jamhuri, Ayany, Olympic na mitaa mingine yenye maji na barabara, na familia za vibanda vinavyoizunguka, za makabila yote, zingali zinalipa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi pasipo karatasi yoyote mkononi.