Neno Safari Lilivyofinywa

Ukisimama asubuhi Mountain View, Nairobi, kando ya Waiyaki Way, utaona magari ya aina mbili yakielekea upande mmoja. Inapita matatu ya Nakuru, ndani yake mama amempakata mtoto na gunia lake limefungwa juu ya keria. Nyuma yake inakuja van ya watalii, ile yenye paa la kuinuliwa, inayokwenda kushika barabara ya Mai Mahiu na Narok hadi Maasai Mara. Kwa Mswahili, wote hao wako safarini. Kwa Mwingereza, safari ni ya wenye kamera tu. Mama wa gunia anakwenda zake nyumbani.

Asili ya neno ni Kiarabu, safar, na konsonanti tatu s-f-r ndizo zinazobeba maana. Humo ndimo alimotoka msafiri pia. Wanaleksika wa kale wa Kiarabu waliuhusisha mzizi huo na kufunua, wakisema safari hufichua tabia za watu. Aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Mai Mahiu na abiria kumi na wanne wenye njaa hatabisha.

Kiswahili kilipolipokea kilifuata kanuni zake. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo safar ikapewa i, kama kitab ilivyopewa u. Tena Kiarabu kina s nyepesi na s nzito, nasi tukazifanya moja. Ndiyo maana safari na sifuri zinafanana kama ndugu ilhali hazina undugu wowote: sifuri imetokana na s nzito, katika neno la utupu, lilelile lililowapa Waingereza "zero".

Katika karne ya 19 safari ilikuwa pia msafara wenyewe, pamoja na wapagazi, mizigo na askari wake. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 kulitafuta Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo waliolitumia neno hili katika Kiingereza, na kwao lilikuwa na maana hiyo. Njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipitia Dagoretti na ngome ya Fort Smith, upande huuhuu wa magharibi wa Nairobi. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu ambaye Waiyaki Way imepewa jina lake, alikamatwa na Waingereza mwaka 1892, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.

Ni nini basi kilicholifinya neno hili? Kwa maoni yangu, ni reli. Ilipofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, bidhaa zilihamia kwenye mabehewa na misafara ya biashara ikafifia. Msafara ambao Mzungu aliendelea kuuona, na kuulipia, ulikuwa wa kuwinda. Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit na wanasayansi wa Smithsonian. Wapagazi wao walizidi 200, na baba na mwana wakaua wanyama zaidi ya 500. Magazeti ya Marekani yakaitangaza safari hiyo, na tangu hapo neno likashikamana na simba. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 bunduki zilikwisha, lakini simba akabaki ndani ya neno.

Wanaisimu huita hali hiyo kufinyika kwa maana. Lugha inayoazima huchukua kile tu ilichokiona mlangoni, na nyumba nzima hubaki kwa mwenyewe.

Huku kwetu neno lilienda kinyume, likapanuka hata likaacha kuhitaji barabara. Mwanafunzi aliyefeli mtihani husema, "Safari hii lazima nipite," naye hajainuka kitini. Hapo safari ni zamu, ni mara. Maana hiyo Waingereza hawajaiazima hadi leo.