Kifua cha veterani kikijaa, si kila mara ni mafuta

JUMAPILI asubuhi Gongo la Mboto, mpira wa maveterani una mambo yake. Kabla filimbi haijapulizwa jezi zinagawiwa, na hapo ndipo kasheshe linapoanza. Winga aliyewatesa mabeki miaka 15 iliyopita anavuta jezi, inagoma kifuani. Benchi zima linaangua kicheko: "Mleteeni mzee sidiria!"

Ni utani, lakini wapo wanaoumia. Mmoja anavaa fulana mbili hata jua likiwa kali. Mwingine haonekani tena uwanjani, anabaki kuwaangalia Simba na Yanga kibanda umiza. Akiacha mazoezi kilo zinazidi, na kifua anachokificha kinazidi kujaa.

Titi limejengwa kwa tezi na mafuta, na mwanaume naye anazo tezi hizo, ila ni ndogo. Mtu akinenepa, mwili huweka akiba tumboni, mapajani na kifuani pia. Ndiyo maana wanawake wengi wakiongezeka uzito sidiria hubana, na wakipungua hulegea. Mwenye mafuta mengi kwenye matiti hubadilika zaidi kuliko mwenye tezi nyingi.

Kwa mwanaume kuna la ziada. Mafuta ya mwilini hugeuza sehemu ya homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. Ikizidi, tezi yenyewe inaweza kukua. Dawa za kutunisha misuli zinazotumiwa na baadhi ya vijana wa gym nazo huleta balaa hilo hilo.

Pushapu pekee haziokoi jahazi. Zinajenga misuli iliyo chini, haziyeyushi mafuta yaliyo juu yake. Mafuta hupungua mwili mzima, kwa mazoezi ya kila wiki na sahani ndogo. Jasho la bonanza zima linaweza kufutwa na chipsi mayai na bia za baada ya mechi.

Funzo la Ronaldo

Ronaldo wa Brazil, aliyefunga mabao 8 Kombe la Dunia 2002, alichekwa sana kwa unene. Alipostaafu Februari 2011 alieleza kuwa ana tatizo la tezi ya shingoni, linalofanya mwili utumie chakula taratibu, na kwamba liligundulika akiwa AC Milan. Kumbe wakati watu wanamcheka, mwenzao alikuwa mgonjwa.

Ndipo veterani anapotakiwa kujikagua. Mafuta huwa laini na mara nyingi hujaa pande zote mbili. Tezi iliyokua husikika kama kisahani kigumu kiasi chini ya chuchu, na inaweza kuuma. Lakini uvimbe mgumu wa upande mmoja, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, hilo si la kuchekea. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, takribani mgonjwa 1 kati ya 100.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha jirani. Ikibidi, rufaa inaweza kumfikisha Amana au Ocean Road. Akienda mapema, anaweza kurudi kwenye winga yake.

Na kamati ya jezi nayo ikumbuke kununua zile kubwa, ili mzee aendelee kucheza.